Usisubiri hamu ya kusoma, haitangulii

Kila mwaka ikifika Septemba, watahiniwa wa kidato cha nne hapa Mwanza huanza kuhubiriwa. Mwalimu wa zamu anahubiri paredi, mgeni rasmi anahubiri kwenye mahafali, mjomba aliyekuja kutoka Geita anahubiri wakati wa kula. Mahubiri hayabadiliki: acheni uvivu, mtihani umefika mlangoni, wenzenu wanakesha. Vijana wanaitikia kwa sauti moja, wanatawanyika, na jioni hiyo hiyo wengi wao hawagusi daftari. Kesho yake wanaitwa wavivu tena. Nimekuwa nikiwafundisha tuisheni vijana wa rika hili, wa Nyamagana na wa Ilemela, na nasema bila kumung'unya maneno kwamba jina hilo si lao. Wengi wanaoahirisha kusoma wanaujali mtihani mno, na kujali huko ndiko kunakowakimbiza mezani.

Mtazame kijana wa namna hiyo jioni moja tu. Amefika nyumbani saa kumi na moja, baada ya kugombea daladala na makonda wasioitaka nauli ya mwanafunzi. Amechota maji, amefua sare, ameosha vyombo ambavyo hata si zamu yake. Kisha ameketi kuchora ratiba ya kusoma. Amepata karatasi ya manila, amepiga mistari kwa rula, kalamu nyekundu ya Hisabati, ya bluu ya Fizikia, ya kijani ya Baiolojia. Ratiba inaanza saa kumi alfajiri na kuishia saa tano usiku, Jumapili ikiwemo, na haina hata nafasi ya kula. Imemla saa mbili nzima. Imebandikwa ukutani, inapendeza, na siku imekwisha bila swali hata moja kufanywa. Mvivu hahangaiki hivyo. Kijana huyu amefanya kazi inayofanana na kusoma lakini isiyo na hatari, kwa kuwa hakuna anayeshindwa kuchora mstari.

Hatari iko ndani ya kitabu. Tuchukue Kemia, mada ya moli (kipimo cha kiasi cha dutu), ambayo huwatoa wengi jasho. Swali linataka idadi ya moli zilizomo katika gramu 5.3 za kaboneti ya sodiamu. Limeandikwa kwa Kiingereza, na huyu alisoma darasa la kwanza hadi la saba kwa Kiswahili. Hajafika kwenye kemia bado, anahangaika na sentensi. Akishaielewa anatakiwa akumbuke fomula, akumbuke kwamba ndani yake sodiamu ziko mbili na oksijeni tatu, ajumlishe uzito wa atomu zake, 46 za sodiamu na 12 za kaboni na 48 za oksijeni, apate 106, halafu agawe 5.3 kwa 106. Akisahau kuihesabu sodiamu mara mbili anapata 83, jibu linakuja na desimali zisizoisha, na hapo kifua kinabana. Anawaza, "Mwezi wa sita huu bado sijaweza moli, Novemba nitaandika nini?" Wazo hilo linauma. Mkono unaenda kwenye simu ya mama iliyo kwenye chaji, ajibu meseji moja tu. Maumivu yanapoa papo hapo.

Huko kupoa ndiko kiini cha tatizo lote. Mwaka 2013 watafiti wawili wa saikolojia, Fuschia Sirois na Timothy Pychyl, waliandika hoja ambayo naona kila mwalimu wa nchi hii angefaa kuijua: anayeahirisha kazi anajaribu kwanza kutuliza hisia mbaya ambazo kazi hiyo inamletea, na muda anaoupoteza ni gharama ya utulivu huo. Anaununua utulivu wa sasa, deni anamwachia mtu wa kesho. Kwa hiyo kumpa saa ya ukutani, ratiba nyingine au semina ya matumizi ya muda hakugusi palipooza. Na kumtisha kunazidisha ile ile hisia anayoikimbia. Mtoto aliyekuwa anaogopa moli sasa anaogopa moli na baba.

Kuna wanaojitetea kwamba wao husoma vizuri maji yakifika shingoni, kwamba presha ndiyo inayowaamsha. Nimeyasikia sana maneno haya, hata kwa wanafunzi wa vyuo pale Malimbe na Bugando, watu wazima kabisa. Dianne Tice na Roy Baumeister waliwafuatilia wanafunzi wa chuo kikuu Marekani na kuchapisha matokeo yao mwaka 1997. Mwanzoni mwa muhula, waliokuwa wakiahirisha walikuwa na msongo mdogo kuliko wenzao na afya zao nzuri. Walikuwa wakila raha, kwa kifupi. Muhula ulipokaribia kwisha, msongo wao ulipita wa wenzao, wakaugua zaidi, na alama zao zikawa za chini. Kusoma kwa zimamoto kunampa mtu hisia ya nguvu kwa kuwa hofu ya kufeli hatimaye imeizidi hofu ya kitabu. Nguvu hiyo ipo kweli, lakini inakuja wakati ambapo hakuna tena siku za kusahau na kurudia.

Kabla sijaendelea, lazima tutenganishe watu wawili ambao mahubiri huwachanganya. Kuna binti anayeishi mlimani Mabatini au Igogo, mama yake anauza dagaa Mwaloni, na kurudi nyumbani ni giza. Binti huyo ndiye anayepika, anayewaogesha wadogo zake, anayesubiri wageni wamalize kula ndipo aondoe vyombo. Akiketi ni saa nne usiku, na alfajiri anatakiwa kuwa wa kwanza kuamka. Huyu haahirishi chochote. Amenyimwa muda, tena na watu wazima wa nyumba yake, na kaka yake aliyelala kochini hajanyimwa. Ukimwambia binti huyu ajitume unamtukana. Dawa yake ni kugawa upya kazi za nyumba, na mwenye uwezo wa kuzigawa ni mzazi. Tangu mwaka 2016 ada ya shule za serikali hadi kidato cha nne imeondolewa, na ni jambo jema, lakini hakuna waraka unaoweza kumwondolea mtoto sufuria jikoni. Hayo yanayofuata nayaandika kwa ajili ya yule mwenye muda anayeukimbia.

Kwake yeye neno linalosumbua zaidi ni motisha. Anaamini kwamba wanaosoma wana kitu fulani ndani yao ambacho yeye hana, na kwamba siku kitu hicho kikimjia ataanza. Basi anakisubiri. Anaangalia video za kutia moyo usiku, moyo unapata moto, analala, asubuhi moto haupo. Angeshuka ziwani akawatazama wavuvi wa dagaa. Wale hawaamui kwa hamu. Usiku wa giza ndio dagaa wanafuata taa, basi usiku wa giza wanaingia majini, aliyechoka na asiyechoka, aliyegombana na mkewe na asiyegombana. Mbalamwezi ikishika wanabaki nchi kavu wakiziba nyavu. Kazi imefungwa kwenye mwezi, na mwezi haumuulizi mtu anajisikiaje. Hamu, kama ipo, inamkuta mvuvi akiwa tayari kwenye mtumbwi, dagaa wameanza kujaa wavuni.

Kusoma nako kunaendeshwa hivyo. Hamu huja baada ya dakika kadhaa za kufanya, swali la kwanza likikubali. Kwa hiyo kazi yote ya kujirekebisha iwekwe kwenye dakika za kwanza, na zifanywe nyepesi mpaka woga ukose pa kushikia. Usiandike "saa moja hadi saa tatu: Kemia". Hiyo ni saa mbili za kitu kisicho na umbo, na kisicho na umbo kinatisha. Mwanasaikolojia Peter Gollwitzer aliandika mwaka 1999 juu ya mipango inayofungwa kwenye tukio: likitokea hili, nitafanya lile. Utafiti wake na wa wenzake umeonyesha mara nyingi kwamba mpango wa namna hiyo hutekelezwa kuliko nia tupu. Kwa Kiswahili cha nyumbani ni hivi: nikishatoa sahani za chakula cha usiku, nitaketi kwenye kile kigoda cha mlangoni na kuandika fomula ya kaboneti ya sodiamu. Fomula tu. Hata ukiishia hapo, umetimiza. Wengi hawaishii hapo, kwa sababu fomula ikishakaa kwenye karatasi, kujumlisha 46 na 12 na 48 hakuogopeshi tena.

Ila kuna mtego mwingine ndani ya kusoma kwenyewe, na huu unawanasa hata wale wanaosifiwa kwa bidii. Kijana anakaa mezani kila siku, na kila siku anasoma Kiswahili na Historia. Mama anaona mtoto yuko na kitabu, anafurahi, anampelekea chai. Lakini Hisabati na Kemia hazijaguswa mwezi mzima. Huko ni kuahirisha kulikovaa sare ya shule. Anakaa na somo linalompa sifa, analipiga danadana lile linalomwaibisha, na si ajabu Hisabati imekuwa kwa miaka mingi somo lenye ufaulu mdogo kuliko mengine kwenye mtihani huu.

Hapa hesabu ya Baraza la Mitihani inasaidia kuliko hotuba. Divisheni hutafutwa kwa masomo saba aliyofanya vizuri zaidi: A ni pointi 1, B ni 2, C ni 3, D ni 4, F ni 5. A inaanzia alama 75, B 65, C 45, D 30. Divisheni ya kwanza ni pointi 7 hadi 17, ya pili 18 hadi 21, ya tatu 22 hadi 25, ya nne 26 hadi 33. Sasa mchukue kijana mwenye B ya Kiswahili, C ya Historia, ya Jiografia na ya Uraia, D ya Kiingereza na ya Baiolojia, na F ya Kemia. Ana pointi 24, divisheni ya tatu. Akitumia mwezi mzima kuipandisha Kiswahili kutoka alama 66 hadi 74, amepata alama 8 na pointi haijasogea hata kidogo, bado ni B. Akiivusha Kemia kutoka 27 hadi 31, alama 4 tu, anashuka hadi pointi 23. Kiingereza na Baiolojia zikitoka D zikaingia C, anafika 21 na yuko divisheni ya pili.

Huwa namwambia mwanafunzi apige hesabu hii mwenyewe, kwa matokeo yake ya mtihani wa utamilifu, kwa mkono wake. Kinachotokea usoni kwake ni kitu ninachokipenda sana katika kazi hii. Kemia ilikuwa mlima usio na kilele, sasa imekuwa alama nne, na alama nne unaweza kuziona: ni swali moja dogo la moli na lingine la kutaja vifaa vya maabara. Woga unapungua kwa sababu umepewa kipimo. Ndiyo maana sikubaliani na walimu wanaowaficha wanafunzi alama zao ili "wasikate tamaa". Anayekatisha tamaa ni giza.

Akishaketi, afanye nini? Wanafunzi wana msemo wao, msuli tembo, matokeo sisimizi, na mara nyingi sababu yake iko wazi. Msuli wenyewe ni kusoma daftari kuanzia ukurasa wa kwanza, kupigia mstari, kurudia tena. Mwaka 2006 Henry Roediger na Jeffrey Karpicke, huko St. Louis, Marekani, waliwapa wanafunzi vifungu vya kusoma. Baadhi walivisoma tena, wengine walifunga karatasi na kuandika wanachokikumbuka. Walipopimwa baada ya dakika tano, waliorudia kusoma walikuwa mbele. Walipopimwa baada ya wiki moja, waliofunga karatasi na kujikumbusha waliwapita. Kurudia kusoma kunakupa hisia kwamba unajua, kwa kuwa maneno umeyazoea. Kujikumbusha kunauma kidogo, na kwa sababu kunauma, watu wanakukwepa. Tumerudi pale pale kwenye hisia.

Kwa hiyo zile dakika za jioni ziwe za maswali, daftari limefungwa, na daftari lifunguliwe baada ya kukwama. Pepa za miaka iliyopita ziko kwenye tovuti ya Baraza, bure. Kuna kitu kingine pale ambacho wanafunzi wengi ninaokutana nao hawajakisikia: ripoti za uchambuzi wa majibu ya watahiniwa, somo kwa somo. Mle wataalamu wanaeleza swali lilitaka nini, waliofaulu walijibuje, waliokosa walikosea wapi, na wameweka hata picha za majibu yenyewe yaliyoandikwa kwa mkono. Sijui kitu kinachomfaa mwanafunzi mwoga kuliko kuona kosa lake limeandikwa kwa mwandiko wa mtu mwingine. Anagundua kwamba yule aliyesahau sodiamu mara mbili hakuwa peke yake, na kwamba kosa hilo lina jina na lina dawa. Mwalimu mwenye simu janja akichapisha kurasa tano za ripoti hiyo na kuzibandika darasani, atakuwa amefanya zaidi ya mahubiri ya muhula mzima.

Nije kwa mzazi. Ile saa tatu usiku, unapouliza, "Baba, umeshika kitabu leo?" naye anajibu, "Nitashika, mama," nyote wawili mnajua hajashika. Kinachofuata mara nyingi ni orodha: mtoto wa jirani, ada ya tuisheni, shamba la babu Sengerema linalomsubiri akifeli. Michael Wohl, pamoja na yule Pychyl na mwenzao, waliwachunguza wanafunzi wa mwaka wa kwanza chuoni huko Kanada na kutoa matokeo mwaka 2010. Wale waliojisamehe kwa kuahirisha maandalizi ya mtihani wa kwanza waliahirisha kidogo zaidi walipojiandaa kwa wa pili. Najua inaonekana kinyume. Tumelelewa tukiamini kwamba ukimsamehe mtoto atalala. Lakini ikiwa anakimbia aibu, kumwongezea aibu ni kumwongezea mbio. Mwambie, "Basi ya jana yamepita, lete hilo swali la kwanza tulione," hata kama wewe mwenyewe uliishia darasa la saba na moli huijui. Kaa naye pale kigodani ukichambua mchele. Hatakimbia ukiwa umekaa.

Kuhusu simu sina maneno mengi. Ikiwa mezani itashinda. Ikae chumba kingine, au kwa bibi, mpaka maswali aliyopanga yaishe, na makubaliano hayo yafanywe mchana wakati hakuna mwenye hasira.

Yote haya yanataka mahali, na hapo ndipo mji wetu unapowaangusha watoto. Chumba kimoja chenye watu sita na televisheni si mahali. Shule nyingi huweka kambi kwa ajili ya kidato cha nne, na naziunga mkono kwa sababu moja: kambini hakuna anayeamua saa ya kuanza. Kengele inalia, wenzako wanafungua vitabu, nawe unafungua. Tatizo langu na kambi ni kwamba zinaanza Agosti au Septemba, woga ukiwa umekwisha kukomaa, na mwanafunzi wa kidato cha pili na cha tatu hana kambi.

Kisichohitaji kambi ni darasa moja lililo wazi jioni. Madarasa ya shule zetu za kata, kutoka Igoma hadi Buhongwa, hufungwa kufuli kuanzia saa kumi jioni, huku watoto waliotoka humo wakitafuta mwanga wa kusomea chini ya taa ya duka. Na kila Septemba na Oktoba wazazi hao hao tunachangishwa mahafali ya kidato cha nne, wiki chache kabla ya mtihani wenyewe: turubai, spika, keki, zawadi ya mgeni rasmi. Sipingi mahafali, watoto wanastahili kusherehekewa. Lakini kamati ya wazazi ikiamua kutenga sehemu ya mchango huo inunue umeme wa LUKU na kumlipa mlinzi, darasa moja linaweza kubaki wazi hadi saa mbili usiku, kuanzia Januari, kwa ajili ya vidato vyote, na mzazi mmoja wa zamu akiwa ameketi nyuma. Hahitaji kujua Kemia. Binti wa Mabatini naye atapata sababu ya kutoka jikoni ambayo hakuna mtu mzima wa nyumba yake anayeweza kuikataa, kwa kuwa ni shule imemwita. Bajeti za mahafali ya mwakani zinajadiliwa kwenye vikao vya mwanzo wa mwaka, na hoja hii inaingia vizuri kwenye ajenda ya kikao cha kwanza.